Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuchagua Mozaiki ya Mtindo wa Zamani kwa Kuta za Shawa

Malalamiko ya bafu za mozaiki yanafanana sana. Ukuta umewekwa vigae vidogo vyeupe vya pembe sita, juu umepita mkanda mweusi, koki ni ya rangi ya shaba, na ukiwa mlangoni unapendeza kweli. Ukisogea karibu unaanza kuona shiti moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia. Karibu na sakafu grauti, yaani ule ujazo wa kati ya vigae, imeshabadilika rangi. Kona moja vigae viwili vitatu vimedondoka. Lawama zote anabebeshwa fundi, wakati kosa mara nyingi lilishafanyika dukani kabla yeye hajaitwa.

Watu huchagua mozaiki kwa sura. Lakini kinachoamua kama ukuta utadumu ni mgongo wa shiti, jointi kati ya kigae na kigae, na aina ya maji yatakayopita hapo kila siku. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, hata kama tayari una picha unayoipenda kwenye simu.

Neno shiti humu ni kile kipande cha vigae vidogo vilivyounganishwa pamoja, kwa kawaida karibu sm 30 kwa 30. Jointi ni nafasi inayojazwa grauti.

## Vitu vya kuwa navyo

- Futi kamba na rula ya alumini ya mita 2
- Pima maji na timazi
- Kadi nne za benki, zitatumika kama kipimo
- Ndoo ya maji na sahani nyeusi au kipande cha kioo cheusi
- Ndimu moja
- Tochi ya simu
- Shiti mbili za sampuli kutoka kila aina unayoifikiria
- Kipande cha mbao bapa cha sm 30 kwa 60, gundi kidogo ya vigae, na grauti za rangi mbili
- Daftari na kalamu ya wino usiofutika

Kama duka halitaki kukuuzia shiti mbili peke yake, nenda duka jingine. Gharama ya sampuli ni ndogo mno ukilinganisha na kubomoa ukuta uliokwisha jengwa.

## Hatua ya 1: Kagua ukuta kabla ya kwenda dukani

Egemeza rula ya mita 2 ukutani: wima, mlalo, kisha mshazari. Mulika tochi kutoka upande mmoja uone mwanga unapopenya. Kadi ya benki ina unene wa karibu mm 0.76, kwa hiyo kadi nne zikipangwa pamoja ni mm 3. Zikipita chini ya rula bila kukwama, ukuta huo bado haujawa tayari kwa mozaiki.

Kigae kikubwa cha sm 30 kwa 60 ni kigumu. Kinavuka kibonde na gundi inajaza nyuma yake. Shiti ya mozaiki inapinda. Inalala jinsi ukuta ulivyo, na taa ikimulika kutoka juu kila kibonde kinatoa kivuli chake.

Gonga pia plasta kwa mpini wa bisibisi, kila baada ya kiganja kimoja. Panapolia utupu, plasta imeachana na tofali, na hapo lazima pabomolewe papigwe upya.

Onyo: Usikubali maneno ya "gundi itasawazisha." Gundi nene chini ya mozaiki huvimba kupitia jointi na huzamisha baadhi ya vigae zaidi ya vingine. Ukuta unasawazishwa kwa plasta.

Utajua umefaulu: kadi nne hazipiti popote, kona ziko timazi, na hakuna mlio wa utupu.

## Hatua ya 2: Yafahamu maji ya nyumba yako

Dondoshea maji ya bomba lako kwenye sahani nyeusi, yaache yakauke yenyewe, kisha rudia mara nne au tano palepale. Usifute. Alama itakayobaki ndiyo utakayoiona ukutani.

Ukungu mweupe ni chumvi na chokaa. Wenye visima vya mwambao, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, wanaujua vizuri. Kwa maji hayo achana na vigae vyeusi vinavyong'aa na kioo cha rangi nzito. Kila tone litaacha doa jeupe. Rangi ya kati isiyong'aa, kama kijivu, kijani kilichofifia au maziwa, itakusitiri.

Doa la kahawia au rangi ya kutu ni madini ya chuma. Hapo futa kabisa wazo la grauti nyeupe ya saruji. Hakuna usafi utakaoirudisha weupe wake kwa muda mrefu.

## Hatua ya 3: Chagua umbo

Mitindo ya zamani inayopatikana madukani ni michache: pembe sita za sm 2.5 au 5, vigae vya duara vya karibu sm 2, miraba midogo ya sm 2 hadi 2.5, mfumo wa mkeka wenye vitone vyeusi, na vitofali vidogo. Kwa kuta za shawa napendekeza pembe sita au miraba. Duara huacha pembetatu kubwa za grauti kila vigae vitatu vinapokutana, na ukutani hizo ndizo zinazoshika povu la sabuni.

Kinachofanya mozaiki ionekane ya zamani kweli ni mambo madogo. Kingo za kigae ziwe bapa na kali. Zikiwa zimevimba na kuviringika, kazi itaonekana ya juzi hata rangi zikiwa sahihi. Jointi ziwe nyembamba, mm 1.5 hadi 2. Rangi ziwe chache: nyeupe isiyo kali, nyeusi, kijivu, labda mkanda mmoja wa kijani au bluu iliyotulia. Anayezijua sakafu za miraba myeusi na myeupe kwenye majumba ya Mji Mkongwe, Unguja, anaelewa jinsi rangi mbili zinavyotosha.

Utakutana pia na vigae vikubwa vilivyochapwa au kuchongwa vifanane na mozaiki. Bei yake ni nafuu na kazi yake ni nyepesi. Karibu, udanganyifu unaonekana kwa sababu mchoro unajirudia na "jointi" hazina kina cha kweli. Hata hivyo, kama huna fundi aliyewahi kuweka mozaiki, ni bora hivyo kuliko mozaiki halisi iliyowekwa ovyo.

## Hatua ya 4: Chagua malighafi

Poselini. Ndiyo chaguo langu la kwanza kwa shawa. Hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Tafuta kwenye boksi maandishi E ≤ 0.5% au kundi BIa. Ile isiyo na tabaka la kung'aa ndiyo yenye sura ya zamani zaidi.

Seramiki yenye uso wa kung'aa. Inafaa kwa ukuta. Ya kundi BIII hunyonya zaidi ya asilimia 10 kupitia mgongo, kwa hiyo hutegemea sana kinga ya maji iliyoko nyuma yake. Kagua kingo moja moja. Iliyomeguka huonyesha udongo wa ndani na kunywa maji hapo.

Kioo. Kinapendeza, lakini kinaonyesha kilicho nyuma yake. Gundi ya kijivu itakibadili rangi, na michirizi ya mwiko itaonekana. Kinahitaji gundi nyeupe iliyolainishwa kabisa kabla shiti haijabandikwa.

Jiwe la marumaru. Muuzaji akisema ni jiwe, omba kujaribu kwenye kipande cha sampuli. Kamulia tone la ndimu, subiri dakika kumi, futa, kisha inamisha kipande kwenye mwanga. Pakibaki doa lililofifia, ni marumaru au jiwe jingine la chokaa, na ndivyo siki na dawa za choo zenye asidi zitakavyoifanya bafuni kwako. Marumaru nyeupe huweza pia kuwa na chembe za chuma ndani yake ambazo zikikaa na unyevu hugeuka njano. Iweke kwenye shawa kama tu uko tayari kuipaka dawa ya kuziba vinyweleo mara kwa mara.

Vigae vya saruji vyenye maua. Viache kwa sakafu ya sebule au baraza. Ndani ya shawa vinakunywa maji na rangi zake huchakaa kwa sabuni.

## Hatua ya 5: Geuza shiti, kagua mgongo

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo ukuta unapoharibikia.

Shiti huunganishwa kwa njia nne: wavu nyuma, vitone vya plastiki au mpira kati ya kigae na kigae, karatasi usoni, au plastiki ya uwazi usoni. Ya karatasi na ya plastiki huacha mgongo wote wa kigae ushikane na gundi, kwa hiyo hushika vizuri kuliko zote. Ila fundi anabandika asichokiona: lazima alowanishe karatasi na kuibandua kabla gundi haijakaza, ili aweze kusogeza vigae vilivyokwenda upande. Kama hajawahi, chukua ya wavu iliyo nzuri.

Ya wavu ijaribu hivi. Chovya shiti moja ndani ya ndoo jioni, iache hadi asubuhi. Itoe, ishike kwa pembe mbili, itikise. Kisha sugua wavu kwa kidole gumba. Kama vigae vinadondoka, au gundi ya wavu imegeuka uteute kama uji, usiinunue. Gundi ya namna hiyo hulainika tena ukutani kila unyevu unapoifikia, na kigae hubaki kimeshikwa na uteute badala ya kushikwa na gundi ya fundi.

Angalia pia ni kiasi gani cha mgongo kimefunikwa na wavu na mabaki ya gundi. Viwango vya Marekani vya uwekaji wa vigae vinadai sehemu zenye maji mgongo wa kigae ushikane na gundi kwa asilimia 95. Shiti iliyojaa gundi ngumu ya kiwandani haiwezi kufika hapo, hata fundi awe hodari namna gani.

Jaribio la pili fanya dukani. Panga shiti nne sakafuni, mbili juu na mbili chini. Rudi nyuma hatua tatu na ukaze macho. Kisha pima kwa futi kamba: nafasi kati ya shiti na shiti iwe sawasawa na nafasi kati ya vigae vilivyo ndani yake. Kama ndani ni mm 2 na shiti zinakutana kwa mm 1 au 3, ule msalaba utauona ukutani kila siku utakayooga.

Onyo: Usipime shiti moja tu. Chukua tatu kutoka maboksi tofauti. Zikipishana zaidi ya mm 1 kwa urefu, fundi atalazimika kukata wavu na kusogeza vigae kimoja kimoja, na wachache wanafanya hivyo.

Utajua umefaulu: shiti nne zikipangwa, mtu asiyejua hawezi kukuonyesha zinapokutana.

## Hatua ya 6: Chagua grauti, kisha tengeneza ubao wa majaribio

Piga hesabu hii. Mita moja ya mraba ya vigae vya sm 30 kwa 60 ina takriban mita 5 za jointi. Mita hiyo hiyo ikiwa ya miraba ya sm 2.5 yenye jointi za mm 2 ina takriban mita 74. Asilimia 14 hivi ya ukuta unaouona ni grauti. Unanunua vigae, lakini pia unanunua ukuta wa grauti, na inastahili kuchaguliwa kwa uangalifu uleule.

Kwa jointi chini ya mm 3 tumia grauti laini isiyo na mchanga. Yenye mchanga haiingii vizuri kwenye jointi nyembamba, na hukwaruza kioo na marumaru. Grauti ya epoksi hainywi maji na haishiki madoa kirahisi. Kwa nyumba yenye maji ya kutu ningeilipia. Ila hukauka haraka na mabaki yake yakiganda usoni mwa kigae hayatoki kirahisi, kwa hiyo fundi achanganye kidogo kidogo na kusafisha papo hapo.

Kwa rangi, kijivu chepesi cha majivu ndicho kinachofaa vigae vyeupe vya mtindo huu. Kinachora umbo la kila kigae na kinavumilia uchafu. Nyeupe juu ya nyeupe hupoteza umbo lote ulilolilipia. Nyeusi ina nguvu sana, na kwenye poselini isiyo na tabaka la kung'aa huweza kuacha kivuli ndani ya vinyweleo.

Usiamue kwa kadi ya rangi ya dukani. Bandika shiti zako mbili kwenye kile kipande cha mbao, jaza grauti moja nusu ya juu na nyingine nusu ya chini, acha ikauke siku tatu. Grauti mbichi ni nyeusi kuliko ikikauka. Isimamishe bafuni, itazame mchana na usiku kwa taa itakayotumika, kisha imwagie maji yako na sabuni yako kwa wiki moja.

Utajua umefaulu: baada ya wiki bado unaipenda, na kitambaa chenye maji kinatosha kuisafisha.

## Hatua ya 7: Piga hesabu, nunua kwa mkupuo mmoja

Tuseme shawa ina kuta tatu: sm 90, 120 na 90. Jumla ni mita 3. Ukipandisha vigae hadi mita 2.1, eneo ni mita za mraba 6.3. Shiti kamili ya sm 30 kwa 30 ni mita za mraba 0.09, hivyo unahitaji shiti 70.

Lakini pembe sita nyingi hazifiki sm 30. Shiti ya sm 29.5 kwa 29 ni mita za mraba 0.0856 tu, na ukuta uleule unadai shiti 74. Ongeza asilimia 10 za kukata na kuharibika, inakuwa 82. Kama kuna mkanda au mchoro wa kulinganisha konani, ongeza asilimia 15. Pima shiti halisi, usiamini neno "boksi ni mita moja."

Kabla ya kupakia, fungua maboksi yote. Namba ya toleo na namba ya toni zifanane. Mzigo ukija na kontena jingine nyeupe yake huweza kuwa tofauti, na duka kuwa na "ileile" mwezi ujao ni jambo la bahati. Nyumbani ziweke pakavu, zilale bapa, maana unyevu wa stoo hulegeza gundi ya wavu kabla hata kazi haijaanza.

## Hatua ya 8: Panga bila gundi

Chora ukuta sakafuni kwa chaki, ukubwa halisi, na upange shiti juu yake. Anzia katikati ya ukuta ambao macho hukutana nao kwanza. Konani pasibaki kipande chembamba kuliko nusu ya kigae. Kikibaki, sogeza mwanzo wako kwa nusu kigae.

Shubaka la sabuni lipimwe kwa shiti, si kwa sentimita za kubuni. Shubaka la shiti moja kwa mbili halitadai kukata kitu upande wa mbele. Mahali koki na bomba la shawa vitakapotokea, jaribu viangukie katikati ya kigae au katikati ya jointi. Sogeza bomba sasa, kabla kinga ya maji haijapakwa.

Kwa ukingo wa nje, vigae vya ukingo vyenye upande mmoja wa mviringo hukamilisha sura ya zamani kuliko kitu kingine chochote. Visipopatikana, ukingo mwembamba wa alumini wenye rangi ya koki unafaa.

## Hatua ya 9: Kubaliana na fundi kabla ya kuanza

Mweleze haya kwa heshima, na yaandikwe:

1. Kinga ya maji ipakwe ukutani kabla ya vigae, mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza, hadi juu ya bomba la shawa. Grauti ya saruji haizuii maji kupita.
2. Gundi ya vigae itumike, nyeupe. Saruji tupu haikubaliki.
3. Shiti zisilowekwe ndani ya ndoo. Mafundi wengi wamezoea kuloweka vigae vya seramiki kabla ya kubandika kwa saruji, na mazoea hayo huua shiti ya wavu.
4. Mwiko wa meno madogo, karibu mm 5, na michirizi isawazishwe kwa upande bapa kabla ya kubandika.
5. Shiti ya kwanza ibanduliwe mara tu baada ya kubandikwa, mgongo uangaliwe. Pakionekana mahali pasipo na gundi, mtindo wa kupaka ubadilishwe palepale.
6. Gundi iliyopanda kwenye jointi isafishwe siku hiyo hiyo.
7. Kona za ndani na pale ukuta unapokutana na sakafu pajazwe silikoni ya rangi ya grauti. Sehemu hizo hucheza kidogo, na grauti hupasuka.

Siku ya kwanza aweke mita moja ya mraba tu, kisha aache. Kesho yake asubuhi mulika tochi ukiilaza ukutani na upitishe kiganja. Hakuna kigae kinachokwaruza mkono, hakuna mstari wa shiti unaoonekana: aendelee. Kama upo, mita moja bado inabomoleka.

Baada ya grauti ya saruji, usifungulie shawa mpaka muda ulioandikwa kwenye mfuko upite. Safisha kwa sabuni ya kawaida na kitambaa, na dawa ya choo isiguse kuta hizo. Shiti zilizobaki, angalau tano, zifunge kwa karatasi, andika juu yake namba ya toleo na rangi ya grauti, na uzihifadhi pakavu pamoja na kipande cha boksi chenye lebo.